Oili ya gia boksi oto kwa Corolla ya zamani: T-IV, WS, au "haidroliki" yoyote nyekundu?

Swali lililonifikia nalifupisha hivi: "Shikamoo fundi. Nina Corolla NZE121 ya 2003, injini ya 1NZ, gia oto ya kawaida, odometa inasoma 187,000. Niko Dodoma. Asubuhi nikiweka R inachelewa kama sekunde mbili ndio inashika, na ikitoka ya kwanza kwenda ya pili inashtua kidogo. Fundi wangu anasema weka haidroliki yoyote nyekundu, zote ni moja. Dukani wakaniambia nichukue WS ndio mpya na ni nzuri zaidi. Jirani anasema nisiguse kabisa, oili ya gia boksi ukiibadilisha kwenye gari ya zamani gia boksi inakufa. Nimsikilize nani?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kuzungushwa. Nikupe jibu kwanza, maelezo yatafuata. Gari yako inatumia Toyota ATF Type T-IV (ATF ni oili ya gia boksi oto), sisi mafundi tunaiita tii foo, na kati ya hao watatu hakuna aliyekuelekeza sawa, ila jirani yako kuna ukweli kaushika mkia na nitaufikia mbele huko.

Kabla hujaniamini mimi fungua boneti. Kuna vijiti viwili vya kupimia, kimoja cha oili ya injini, kingine kipo upande wa gia boksi. Hicho cha gia boksi kichomoe, kifute kiwe kikavu, halafu kigeuze geuze kwenye mwanga ule upande wenye alama za HOT na COOL. Utaona maandishi yamegongwa kwenye bati lenyewe, madogo, mengine yameshaanza kufifia, yanakutajia aina ya ATF. Ya kwako yatakuwa yanasema T-IV. Ukishika kijiti cha Corolla 110 za kabla yako utakuta Dexron II, hiyo ni ATF ya kiwango cha General Motors (GM). Yaani Toyota wameandika jibu la swali lako kwenye kitu ambacho fundi anakishika kila anapopima oili, na bado watu wanabishana gereji nzima. Mimi huwa nakimulika kwa tochi na kumwonyesha mwenye gari kabla sijaenda dukani, ili asinunue kwa maneno yangu, anunue kwa alichokiona. Kama kijiti chako kilishawahi kubadilishwa na hukiamini, tafuta kibati cha chasi, kuna mstari umeandikwa TRANS/AXLE, pale kuna namba ya gia boksi, na ya kwako nategemea iwe U340E. Hiyo ni gia nne, imefungwa kwenye Toyota ndogo ndogo nyingi za miaka hiyo, na oili yake ni hiyo hiyo T-IV.

Sasa tuje kwa fundi wako na haidroliki nyekundu. Najua neno hili limetoka wapi. Pawa stelingi za Toyota nyingi za zamani zinatumia ATF ya Dexron II au III, kwa hiyo mafundi wamezoea kuwa na dumu moja la kitu chekundu wanakiita haidroliki, stelingi ikilia wanaweka, gia boksi ikipungua wanaweka, na miaka ya 90 hilo halikuwa na shida kubwa maana gari nyingi zilizokuwa barabarani zilikuwa za Dexron kweli. Kilichobadilika ni magari, mazoea yamebaki palepale. Na rangi nyekundu ni rangi tu inayotiwa kiwandani ili fundi akiona tone chini ya gari ajue hii ni ya gia boksi na sio ya injini. Dexron nyekundu, T-IV nyekundu, WS nyekundu, Honda nyekundu. Ukizimwaga kwenye vikombe vinne hakuna mtu atakwambia ipi ni ipi kwa macho, hata mimi niliyeshika spana miaka mingi siwezi.

Tofauti ipo kwenye jinsi inavyoshika. Gia boksi oto ndani yake ina pakiti za klachi pleti, pleti ya chuma, pleti yenye karatasi ya msuguano, pleti ya chuma, hivyo hivyo, na zote zinaogelea kwenye oili. Pampu inasukuma oili, valvu bodi inaamua iende wapi, oili inabana pakiti fulani na hapo ndio gia inaingia. Kwa hiyo oili hiyo hiyo ndio inasukuma, ndio inapooza, ndio inalainisha bearingi, na juu ya hapo ndio inayoamua pleti mbili zinazokutana zitelezeane kiasi gani kabla hazijashikana. Ikiwa na utelezi mwingi, gia inaburuza, pleti zinaungua pole pole bila wewe kujua. Ukipungua, gia inagonga. Wanaotengeneza gia boksi na wanaotengeneza oili wanakaa chini pamoja kupanga huo utelezi, na pleti zinachaguliwa kwa oili ile. Ndio maana mimi ATF naihesabu kama spea yenye namba yake, sawa na bearingi. Bearingi huwezi kuweka iliyokaribiana.

Huo utelezi unatengenezwa kwa viungo maalum vinavyochanganywa humo, na hadithi yake inanivutia sana, nikuibie dakika moja. Dexron ya kwanza ya General Motors, ile ya mwishoni mwa miaka ya 60, kiungo chake cha msuguano kilikuwa mafuta ya nyangumi. Nyangumi kweli wa baharini. Marekani ilipozuia biashara ya nyangumi mwanzoni mwa miaka ya 70 wataalamu ikabidi waanze kutafuta mbadala, ikaja Dexron II, na kupata kiungo kingine kinachofanya kazi ile haikuwa rahisi, kulikuwa na matatizo ya gia boksi njiani. Nakueleza hivyo uone kwamba hicho kiungo ni kitu kidogo sana ndani ya lita nzima lakini ndicho kinachobeba gia boksi.

Kwa gari yako T-IV na Dexron III uzito wake unakaribiana sana, ndio maana ukiweka Dexron gari itatembea, na hapo ndipo fundi anapokwambia si unaona inatembea. Lakini tabia ya msuguano ni tofauti. Toyota za kizazi hicho zilianza kutumia akili zaidi kwenye ile klachi iliyo ndani ya konvata (lile bakuli la oili linalounganisha injini na gia boksi), ile inayofunga ukiwa umeshika spidi ili injini na gia boksi viende pamoja bila kupoteza mafuta. Ukiwa na oili isiyo yake, shida huanzia pale. Uko kwenye lami nzuri, spidi 60 au 70, mguu umekanyaga kidogo tu, unasikia gari inatetemeka kama imepita juu ya vipande vya mahindi yaliyoanikwa, sekunde mbili inaacha, ukikanyaga zaidi inapotea. Watu wanapeleka kubalansi matairi, wanabadilisha plagi, wanabadilisha koili, pesa inakwenda. Magari ya namna hiyo nimeyapokea mengi na swali langu la kwanza siku zote ni moja, oili ya gia boksi iliwekwa ipi mara ya mwisho, na mwenye gari ananiambia ile nyekundu.

Muuzaji wa duka na WS yake. Hapa niwe mkali kidogo maana huu ushauri unaua gia boksi nyingi sasa hivi kuliko ule wa haidroliki. Yeye anafikiri kama oili ya injini, kwamba mpya ni bora kuliko ya zamani. Kwenye ATF ya Toyota haiko hivyo. WS ni nyepesi kwa makusudi, ilitengenezwa kwa gia boksi zilizokuja baadaye, zenye pampu na nafasi za ndani zilizopimwa kwa oili nyepesi ili gari inywe mafuta kidogo. Ukipima ikiwa imechemka kwenye nyuzi 100, T-IV inakaa kwenye sentistoki 7 hivi (hicho ndicho kipimo cha uzito wa oili), WS inashuka mpaka 5 na nusu hivi. Inaonekana tofauti ndogo, lakini fikiria gia boksi yako ya 2003, mipira ya ndani imeshakakamaa, valvu zimeshalika kidogo, oili inapenya penya kila mahali, halafu unaiwekea oili nyepesi zaidi. Presha inashuka, pleti hazibanwi vizuri, unapanda Nyang'oro kuelekea Iringa na abiria wanne na mizigo, jua la saa nane, pleti zinateleza na kuchemka na oili inageuka kahawia ndani ya safari moja. Toyota wenyewe wanasema T-IV na WS hazibadilishani. Hiyo WS mwachie mwenye gari iliyoandikwa WS.

Dexron VI nayo ni vivyo hivyo, utaikuta imejaa madukani. GM wanasema inaweza kuchukua nafasi ya Dexron za nyuma kwenye gia boksi zao wao, sawa, lakini nayo ni nyepesi kuliko Dexron III na gari yako sio ya GM. Na jambo ambalo wengi hawalijui, GM waliacha kutoa leseni za Dexron III mwishoni mwa 2006, kwa hiyo chupa yoyote unayoiona leo imeandikwa Dexron III hakuna mtu wa GM anayeikagua. Zipo nzuri, kampuni kubwa bado zinatengeneza vizuri, ila lile neno peke yake kwenye chupa usililalie, angalia jina la aliyeitengeneza.

Haya, jirani yako. Anasema usiguse, gia boksi itakufa. Wewe usimcheke, hiyo kitu inatokea na mimi nimeiona kwa macho yangu. Lakini sababu sio oili mpya. Gari imekaa km 200,000 haijawahi kuguswa, pleti zimeshaisha, ule unga wa pleti unaelea kwenye oili na mafundi wengi wanaamini ndio unaosaidia kukwaruza na kushika kidogo. Mwenye gari anaanza kusikia gia inateleza, ndipo sasa anaamka kubadilisha oili, tena anapeleka kwenye mashine ya kusukuma kwa presha ambayo inang'oa uchafu wote uliokuwa umetulia kwenye kona na kuupeleka moja kwa moja kwenye valvu bodi na solenoidi, zile valvu ndogo za umeme. Baada ya siku tatu gia haziingii. Watu wanasema oili mpya imeua, kumbe gia boksi ilikuwa inakata roho tangu zamani. Kwa hiyo ushauri wa jirani naupokea nusu, mashine ya presha kwenye gari yako hapana, lakini kubadilisha ndio, na kwa dalili zako bado una muda.

Sasa namna ya kuifanya. Usimwage na kujaza mara moja ukadhani umemaliza. Ukifungua nati ya chini kwenye gia boksi yako itatoka kama lita 3 hivi, na hiyo ni chini ya nusu, kiasi kikubwa kinabaki kwenye konvata na kwenye paipu za rejeta. Tuseme inatoka asilimia 40. Ukijaza mpya, una asilimia 40 mpya. Ukitembea wiki mbili ukarudia, unafika 64. Ukirudia tena, 78. Mara tatu zinatosha, gia boksi inazoea pole pole na uchafu unatoka pole pole. Ni oili nyingi kidogo kununua, lita 9 au 10 jumla, lakini ukilinganisha na kununua gia boksi ya mtumba ambayo nayo hujui ilikuwa inawekewa nini, hapo wala usijiulize mara mbili.

Siku ya kwanza kabla ya kumwaga chochote pima kwanza kiasi kilichomo, maana R kuchelewa asubuhi sababu ya kwanza kabisa ni oili kupungua. Na kupima oto sio kama kupima injini. Tembea na gari km 15 au 20 mpaka ichemke vizuri, simama sehemu tambarare, injini inaunguruma usiizime, kanyaga breki, peleka gia kutoka P taratibu kila sehemu mpaka L halafu rudi P, ndio uchomoe kijiti, ufute, urudishe mpaka mwisho, uchomoe tena usome kwenye HOT. Kifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, tafadhali, sio yale matambara ya gereji yanayoacha uzi, uzi mmoja ukiingia valvu bodi unaweza ukasumbua kweli. Honda nyingi za zamani wao wanataka injini izimwe kwanza halafu upime ndani ya dakika moja na nusu, ndio maana fundi wa Toyota akipima Honda kama Toyota anapata jibu la uongo. Na usizidishe, wengine wanasema bora izidi kuliko ipungue, hapana, ikizidi gia zinazozunguka zinaifikia zinaipiga mpaka inatoa povu, na povu halina presha.

Hapo hapo kwenye kijiti angalia na rangi na harufu. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu iliyofifia kuelekea kahawia ni uzee wa kawaida. Nyeusi yenye harufu kama ya mkaa au plastiki iliyoungua, pleti zimeungua, hapo ukibadilisha oili ni kwa matumaini tu na fundi akuambie ukweli mapema. Ikiwa ya pinki yenye maziwa, kama chai ya maziwa iliyotiwa rangi, zima gari hapo hapo usiiwashe tena, maji ya rejeta yameingia kwenye gia boksi. Maana ATF inapita kwenye kipoza kilicho ndani ya rejeta, upande wa chini, kikitoboka vimiminika viwili vinakutana. Kuna Noah niliwahi kuletewa ya hivyo, mwenyewe alikuwa ameambiwa na gereji moja kwamba ni oili feki, akabadilisha oili mara mbili na kila mara inarudi pinki, alipofika kwangu karatasi za pleti zilikuwa zimeshabanduka zinaelea kwenye sampo, lile bakuli la chini ya gia boksi, kama vipande vya daftari vilivyolowa. Rejeta nzima mapema ingeokoa gia boksi ile.

Ukimwaga, pokea kwenye beseni safi halafu pima ulichotoa. Mimi natumia chupa za maji ya kunywa za lita moja na nusu, namimina humo, ninaona kabisa zimetoka chupa mbili, basi ninarudisha chupa mbili za mpya kwa faneli yenye mpira mwembamba kwenye lile tundu la kijiti. Kiasi kama kilikuwa sawa kabla, kitakuwa sawa baada, halafu unahakikisha ikichemka.

Mara ya kwanza hiyo mwambie fundi ashushe na sampo, zile nati ndogo za spana 10 zilizozunguka. Ndani yake kuna sumaku, na hapa ndipo gia boksi inaposema ukweli wake wote. Utazikuta zimevaa tope la kijivu laini, linapaka kidoleni kama wanja. Hilo ni la kawaida kabisa kwa km 187,000, ni chuma kilicholika taratibu. Lakini ukikuta vipande, sindano sindano, au vitu vinavyong'aa kama vijipande vya bati, kuna bearingi au gia inavunjika, na hapo hakuna oili ya kuitibu. Safisha sumaku zikae zilipokuwa, weka filta mpya na gasketi mpya, na usimruhusu mtu apake silikoni kila mahali kama anajenga ukuta, ile inayovimba ndani inakatika na kuziba filta. Nati zikazwe taratibu kwa kuzunguka, ni ndogo na bodi ni ya aluminiamu.

Kuhusu kununua. Kama unapata T-IV ya Toyota yenyewe kwenye duka unaloliamini, chukua. Kama hupati au bei imekuzidi, tafuta ATF ya kampuni inayojulikana ambayo nyuma ya chupa imeandikwa JWS 3309. Hiyo ndio namba ya kiwango cha Aisin, ndugu wa Toyota kwenye mambo ya gia boksi, na ndio T-IV kwa jina lingine. Mobil wana moja imeitwa kabisa ATF 3309. Ukiona JWS 3324 hiyo ni ya WS, irudishe. Chupa inayosema tu "inafaa gari zote za Kijapani" bila namba yoyote nyuma iache dukani. Na ile iliyoorodhesha kila kitu, Dexron, T-IV, WS, Honda, Nissan, CVT, zote kwenye chupa moja, mimi siiweki kwenye gari ya mtu, maana T-IV na WS nimeshakueleza zinavyopishana, oili moja haiwezi kuwa saba na tano na nusu kwa wakati mmoja.

Feki zipo, Kariakoo zipo na Dodoma zinafika. Angalia kifuniko kama kimefungwa cha kiwandani na hakijarudishiwa gundi, maandishi yasiyopinda, na namba ya toleo iliyopigwa kwenye chupa yenyewe, sio kwenye stika pekee. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa usinunue hata kama muuzaji ni mjomba wako. Na ukinunua ya ziada weka risiti na chupa moja tupu, siku ukiwa na fundi mwingine unamwonyesha chupa, hamna mjadala.

Kwa sababu najua mkishapata jibu mnapelekeana, niseme haraka na magari mengine. Spacio 121, Ist za kwanza, Vitz za kwanza za oto, Premio na Allion 240 za 1NZ na 1ZZ, RAV4 za 2000 mpaka 2005, hizo kwa kawaida ni T-IV lakini kijiti kisomwe. Corolla 110 na Camry za miaka ya 90 ni Dexron II au III, na kwenye baadhi ya Camry hizo difu ina chumba chake peke yake na nati yake ya kumwagia, watu wanaisahau miaka yote. X-Trail T30 ni Nissan Matic D. Honda za zamani zilizoandikwa Z1 siku hizi Honda wanakupa DW-1 badala yake na hapo mpya inarudi nyuma vizuri kwa sababu Honda wenyewe ndio walioruhusu. Pajero io ziende kwenye familia ya SP za Mitsubishi.

Na CVT, jamani. CVT haina pakiti za gia kama nilizoeleza, ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, chuma kwa chuma, na oili yake kazi yake ni kuufanya mkanda ushike usiteleze. Ukitia ATF ya kawaida, tii foo ikiwemo, mkanda unateleza na kuchonga puli. Premio 260 moja ililetwa kwangu ikivutwa kwa kamba kutoka Kibaha, mama wa watu alikuwa ameenda kubadilisha oili ya injini tu, kijana akamshawishi kwamba na ya gia boksi imechoka, akaijaza nyekundu. Ilitembea siku nne. Nilipofungua sampo sumaku zilikuwa zimejaa vumbi la chuma linalong'aa, puli zina mistari unaisikia kwa kucha. Yule mama alikaa kwenye kiti pale gereji akawa ananiuliza kwani alimkosea nini, na sikuwa na cha kumjibu. Kwa hiyo mwenye X-Trail T31, mwenye Premio au Allion 260, mwenye Premio 240 ya D4 lita mbili, nyie mna CVT, Nissan hiyo ni NS-2, Toyota hizo muanzie kwenye TC au FE kulingana na ilivyoandikwa, msikubali kitu kingine.

Turudi kwako tumalize. Hizo sekunde mbili zako za R tuzipime vizuri, kwa sababu Toyota wana kipimo chake. Gari ikiwa imechemka, breki ya mkono imevutwa na mguu uko kwenye breki, injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta, toa N weka D huku unahesabu kwa saa ya simu mpaka usikie ule mshtuko mdogo wa gia kushika. Isizidi sekunde 1.2. Kutoka N kwenda R isizidi 1.5. Fanya mara tatu kila moja, katikati subiri kama dakika moja, chukua wastani. Kama ikichemka inakaa ndani ya hapo na inachelewa asubuhi ya baridi tu, na Dodoma Juni asubuhi mnaijua baridi yake, basi uwezekano mkubwa ni oili imepungua au imechoka na mipira imekakamaa kidogo, tii foo mpya mara tatu nategemea itakupa nafuu unayoisikia. Kama hata ikichemka R inavuka 1.5, klachi ya R au mipira yake imeshalika na oili itasaidia kidogo tu, anza kuweka akiba ya kufungua gia boksi. Kile kishtuko cha ya kwanza kwenda ya pili, mwambie fundi aangalie na maunti za injini, zile mpira zinazoishikilia, kabla hamjailaumu gia boksi, maunti ikiwa imepasuka kila gia inagonga. Na ile taa ya O/D OFF ikianza kuwaka na kuzima yenyewe bila wewe kugusa kitufe, kompyuta imeona hitilafu, mashine ya kusoma ichomekwe kwanza kabla ya kumwaga chochote.

Baada ya mara ya tatu, kwa gari inayokaa mjini kwenye foleni mimi nabadilisha lita hizo tatu kila km 40,000, wewe wa Dodoma mwenye safari ndefu unaweza kwenda mbele kidogo, ila ukiwa unapanda milima na mzigo mara kwa mara kaa kwenye 40,000 hiyo hiyo. Siku ya kushusha sampo nipigie picha ya sumaku kabla hazijasafishwa, na tone la oili ya zamani kwenye karatasi nyeupe, zote mbili kwenye mwanga wa mchana, nitumie na zile namba zako za sekunde.